Asubuhi Mama Alipoendesha Bibi Arusi Hadi Thika

Sisi tuliokulia Ruiru wakati kahawa ilianzia nyuma ya choo na kuishia pale macho yalipochoka, tuna harufu puani ambazo hazitatoka mpaka tuzikwe. Moja ni ya maganda ya kahawa yakioza kando ya mto, harufu tamu yenye uchachu iliyoingia mpaka ndani ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Nyingine, na hii labda ni ya nyumba yetu peke yake, ni ya plagi za gari zikikaangwa kwenye sufuria.

Ndiyo, zikikaangwa. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka na kuniambia, "Shosho, unatubeba," yaani nawadanganya. Lakini wewe msomaji wa rika langu, uliyetembea peku kwenda shule mwezi wa Julai, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwenye udongo mwekundu, unaijua ile baridi ya gathano. Unaujua ule ukungu uliokuwa ukilala juu ya mibuni mpaka saa nne, na manyunyu yasiyokuwa mvua wala umande. Blanketi lilikuwa na unyevu, kuni zilitoa moshi bila moto, chumvi iligeuka maji ndani ya kopo. Katika msimu huo, gari letu lilikuwa halitaki kuamka.

Lilikuwa pikapu kuukuu lenye turubai nyuma. Baba alilichukua kwa Mhindi mmoja wa Thika likiwa limeshachoka, akawa analitumia kubeba mboga na ndizi za akina mama wa soko. Jua likiwaka, lilikuwa gari kama magari mengine. Manyunyu yakianza, lilikaa uani kama mtu aliyenuna. Majirani walilipa jina la Bibi Arusi, kwa sababu halikutoka nje bila kubembelezwa.

Na kubembeleza kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Kwanza Baba alifungua boneti akaondoa gunia lililofunika injini usiku. Kisha alichomoa plagi na kile kifuniko cheusi ambacho nyaya za plagi zinatokea, sisi tulikiita kofia, akampelekea Mama jikoni. Mama alizipanga plagi kwenye sufuria kavu juu ya jiko, akazigeuza kwa kijiko kama anakaanga njugu. Kofia hakuiweka motoni, kwani ingepasuka. Aliishika mkononi juu ya makaa, akaigeuza pole pole, huku akipuliza ndani. "Maji hayakai na moto nyumba moja," alikuwa akisema. Baba naye alizipangusa nyaya moja moja kwa kitambaa. Kila kitu kiliporudi mahali pake, Baba alienda mbele kuzungusha hendeli ya kuwashia injini, na Mama akapanda kwenye usukani kukanyaga mafuta. Kazi ile haikuwezekana kwa mtu mmoja. Ndivyo Mama alivyojifunza kuwasha gari, kukanyaga klachi, na kulisogeza mbele na nyuma pale uani ili lipate joto. Nje ya lango hakuwahi kufika nalo.

Sisi watoto tuliugeuza huo utaratibu kuwa mchezo. Mmoja alisimama wima akiwa gari, wengine wakampangusa masikio na pua kwa majani ya mgomba, mmoja akamzungusha mkono, naye akakohoa na kukataa, akakohoa na kukataa, mpaka alipochoka akanguruma na kutukimbiza wote kuzunguka nyumba. Siku hizi mtoto akitaka gari la kuchezea analetewa kwenye boksi na betri zake. Sisi tulikuwa gari wenyewe, na betri yetu ilikuwa ngwaci, viazi vitamu vile, na chai ya rangi.

Lakini nisije nikadanganya kwamba ulikuwa wakati wa kucheka tu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka Mau Mau. Mkubwa hakutembea bila cheti chake cha ruhusa. Jua likizama milango ilifungwa, na kabla ya kupambazuka hakuna aliyeruhusiwa barabarani. Tulijifunza kunyamaza tukisikia buti. Mpaka leo, lori likipunguza mwendo karibu na lango langu, huwa naacha ninachofanya nisikilize.

Ilikuwa katikati ya gathano, nikiwa nasoma darasa la pili, Baba alipoanza kushika tumbo. Siku ya kwanza alisema ni maharagwe. Ya pili hakuenda kazini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Dresa wa dispensari alimpa dawa chungu, akamwambia Mama, "Tumbo likiwa gumu kama ubao, usinirudishie mimi. Mpeleke Thika, hospitali kubwa, na usikawie."

Usiku ule tumbo likawa ubao. Sote tulilala macho tukimsikia akiuma blanketi ili asipige kelele. Mama alikaa karibu naye akiutazama mlango. Angeweza kufanya nini? Kutoka nje ilikuwa kutafuta risasi. Ilibidi tungoje mwanga.

Ulipokuja, ulikuja na manyunyu. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona mgomba uliokuwa karibu na dirisha. Mama alijifunga leso kiunoni, akambeba mdogo wangu Kariuki mgongoni, akaenda kumwita jirani yetu Mzee Juma.

Mzee Juma alikuwa fundi wa kushona, Mwislamu ambaye baba yake alikuja Ruiru na reli na mama yake alikuwa Mkamba. Cherehani yake ilikuwa barazani, na lugha yetu ya Kikuyu aliiongea kama aliyezaliwa nayo. Alikuja mbio, kanzu ameishika mkononi, na nyuma yake mkewe, Mama Halima, ambaye alimpokea Kariuki.

"Basi la kwanza litapita saa nne," Mzee Juma alisema alipomwona Baba. "Kama litapita. Huyu hawezi kungoja saa nne. Nani ataendesha gari?"

Mwenye gari lingine pale karibu alikuwa Mhindi wa duka, naye alikuwa amekwenda Nairobi. Baba alijaribu kuinuka, akakaa kitandani, kijasho kikamtoka, akalala tena.

"Mimi," Mama akasema.

"Wewe?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo. "Wanjiru, wewe unajua uani tu."

"Basi nitajifanya Thika ni mwisho wa uani."

Nakumbuka Mzee Juma alimtazama Mama, akamtazama Baba, kisha akasema, "Haya. Tumtegemee Mungu, lakini tukaushe plagi."

Ndipo ulipoanza ule utaratibu, ila safari hii hakuna aliyecheka. Mama alizichomoa plagi mwenyewe. Makaa yalikuwa na unyevu, yakatoa moshi tu, na Mama Halima ikabidi alete jiko lake likiwa limewaka kutoka kwao. Mzee Juma alileta vipande vya kitambaa kutoka kwenye cherehani yake, vikavu, vya rangi zote, na mimi nikapewa kazi ya kupangusa nyaya. Nilipangusa waya mmoja mara nyingi bila kujua kwamba ni ule ule. Ndani Baba aliguna, na kila alipoguna Mama aligeuza kijiko kwa haraka zaidi, plagi zikagongana kwenye sufuria.

Mzee Juma alizungusha hendeli. Hakuna kitu. Akazungusha tena. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Alivua kofia yake ya kichwani, akaiweka juu ya boneti, akatema mate mikononi. Nilimsikia akisema "Bismillahi", na safari hiyo gari lilikohoa, likapiga chafya, moshi mweusi ukatoka, halafu likaanza kutetemeka lote kama mtu mwenye homa. Mama alikanyaga mafuta asiyaachie. Tulimbeba Baba katika blanketi tukamlaza nyuma chini ya turubai, juu ya magunia, na mimi nikaambiwa nishike kichwa chake kisigonge.

"Wambui," Mama aliniambia, "uwe unaniambia anavyofanya. Mimi siwezi kugeuka."

Tukatoka langoni. Tuligonga nguzo kidogo. Mzee Juma alibaki amesimama barabarani, kofia mkononi, kichwa chake kikiloa.

Ninyi mnaoijua barabara ya Thika ya sasa, na njia zake nyingi, sahauni kabisa. Yetu ilikuwa nyembamba, huku kahawa huku mkonge, na ukungu ulikuwa umeimeza. Mama aliendesha kwa gia ya kwanza mpaka gari likaanza kulia, ndipo akakumbuka ya pili. Gia ya tatu hakuijua, kwani uani hatukuwahi kuihitaji. Kipangusio cha kioo kilikuwa kimekufa zamani, akawa anatoa kichwa nje ili aone mbele. Nami kila baada ya muda mfupi nilipiga kelele, "Anapumua, Maitu! Amefumbua macho! Amefumba!" Sijui kama nilikuwa namsaidia au namwongezea hofu.

Karibu na Juja tulikuta gogo limelazwa barabarani, na askari amesimama kando yake, mrefu, amevaa kabuti, bunduki begani. Mama alikanyaga breki na klachi pamoja kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama karibu na gogo, na kwa rehema za Mungu halikuzimika.

Askari alikuja mpaka dirishani. Aliangalia cheti cha Mama akamrudishia. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Leseni iko wapi?"

Kiswahili cha Mama kilikuwa cha sokoni. "Leseni hakuna, afande," alisema. "Bwana yangu iko mgonjwa sana. Iko nyuma. Yeye nakufa."

"Hakuna leseni? Nani alikufundisha gari?"

"Hakuna mtu."

Askari alizunguka nyuma, akainua turubai kwa ncha ya bunduki. Alinikuta nimekumbatia kichwa cha Baba. Alimtazama Baba usoni, akaweka kiganja tumboni pake, na Baba akapiga yowe. Askari aliondoa mkono kama aliyeungua.

Aliporudi mbele nilimsikia akimwita mwenzake aondoe gogo. Halafu akamwambia Mama, "Mbele kuna kizuizi kingine, na wale hawatakusikiliza. Enda pole pole. Mimi nasimama hapa." Akapanda kwenye ubao wa mlangoni, akashika turubai kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawa anapangusa kioo cha mbele kwa kiganja ili Mama aone.

Hivyo ndivyo tulivyoenda. Nimewasimulia watu wengi habari ya askari huyo, na wengine hukasirika, kwa sababu wao walikutana na askari wa aina nyingine. Mimi pia nilikutana na hao wengine, siku nyingine. Lakini huyu ndiye tuliyekutana naye siku hiyo, na jina lake hatukuwahi kulijua.

Kwenye mteremko wa mto Ndarugu maji yalikuwa yamejaa katikati ya barabara. Mama hakujua kwamba mtu hupunguza mwendo kwenye maji. Tuliingia kwa kishindo, maji yakaruka juu ya boneti, na tulipofika ng'ambo gari likakohoa mara mbili na kuzimika.

Kimya kile, hata leo sijui nikieleze vipi. Manyunyu kwenye turubai. Mto chini. Na Baba, ambaye njia nzima alikuwa akiguna, alikuwa ameacha kuguna.

"Wambui?" Mama aliita.

Niliweka sikio mdomoni kwa Baba. "Sisikii vizuri, Maitu."

Mama hakuja nyuma. Nadhani alijua akija hatarudi tena kwenye injini. Alishuka akafungua boneti. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye nyaya zote. Aliichomoa ile kofia, akaitikisa, maji yakatoka ndani. Leso yake ilikuwa imeloa, gauni langu limeloa, gunia la injini limeloa. Alisimama akizungusha macho kama anayetafuta moto katikati ya mvua.

Askari alifungua kabuti lake, akageuza bitana nje, akairarua. Ilikuwa kavu. Mama alipangusa nyaya na plagi kwa bitana ile. Ile kofia aliipangusa pia, lakini ilikuwa baridi na unyevu ulirudi tena ndani yake kama jasho. Ndipo Mama alipofungua vifungo vya gauni, mbele ya mwanamume asiyemjua, akaitia kofia kifuani, kwenye ngozi, akaikumbatia kwa mikono miwili, akainama juu yake ili mvua isiipate. Askari aligeuka akaangalia mto. Mama alikaa hivyo akinong'ona. Nilidhani anaomba. Baadaye aliniambia alikuwa anahesabu kila pumzi yake, ili asiitoe ile kofia mapema.

Alipoirudisha mahali pake ilikuwa na joto kama mkate. Askari alishika hendeli. Ilimpiga teke mkononi akatukana kwa lugha ya kwao. Akaishika tena. Mama alikuwa kwenye usukani, ameivuta choki, ile ya kuongeza petroli, mpaka mwisho, anakanyaga mafuta, anakanyaga, na harufu ya petroli ikatujaa puani. Gari halikuitika.

Mara nyuma, chini ya mikono yangu, nikasikia sauti nyembamba, ya hasira:

"Wanjiru. Unalizamisha. Rudisha choki, ungoje kidogo."

Nililia kwa sauti. Mama naye alilia, huku anacheka, huku anarudisha choki. Sijawahi kumwona mwanamke akifurahia kukemewa kiasi hicho. Tulingoja. Askari akazungusha, na Bibi Arusi akaamka.

Kwenye kizuizi cha pili askari alipiga saluti akiwa amening'inia mlangoni, mkono wake unavuja damu, na wenzake wakatupisha bila neno. Tulipita pale ambapo siku hizi panaitwa Witeithie, tukaingia Thika, na Mama akalisimamisha gari kwenye ngazi za hospitali, gurudumu moja likiwa juu ya bustani ya maua. Wauguzi walimchukua Baba mbio. Tulikaa kwenye benchi kutwa nzima, Mama akiwa na vifungo viwili vya gauni havijafungwa, na mimi sikuthubutu kumwambia. Askari alikuwa ameondoka wakati tulipokuwa tunamshusha Baba. Mama alipokumbuka kumshukuru, barabara ilikuwa tupu.

Jioni daktari alitoka akasema utumbo mdogo ulikuwa umepasuka ndani, na kwamba mtu yule angecheleweshwa kidogo tu wangezungumza mambo mengine. Baba alilala hospitali mpaka gathano ikaisha. Alirudi nyumbani mwembamba, mbishi kama zamani, na jambo la kwanza alilofanya ni kumfundisha Mama gia ya tatu.

Wote wawili wametangulia sasa. Ruiru yetu imekuwa maghorofa, na kahawa imebaki kwenye majina ya mitaa. Magari ni mengi kuliko migomba ya wakati ule, na hayajui baridi wala unyevu. Kijana anabonyeza kitufe, linanguruma, naye hata haangalii nje kuona kama kunanyesha. Namshukuru Mungu kwa hilo. Sitamani mtoto yeyote asikilize pumzi za baba yake kando ya mto.

Julai iliyopita mjukuu wangu alikuwa ananirudisha nyumbani, manyunyu yakianguka. Kando ya barabara kuu tuliona gari limesimama, taa zikiwaka na kuzima, boneti wazi, na mwanamke amesimama kwenye baridi amejikunyata.

"Simama," nilimwambia.

"Shosh, hapana," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Siku hizi watu wanajifanya wameharibikiwa, ukisimama unaibiwa. Atakuwa amepigia mtu simu."

Labda alikuwa amepiga simu. Na kijana ana haki, nimesikia habari hizo mimi mwenyewe. Sisi tuliogopa kila kitu wakati ule, tuliogopa buti na bunduki na giza, lakini mtu aliyesimama mbele ya boneti wazi hatukujua kumwogopa. Nilifungua dirisha nikampungia mkono yule mwanamke. Alinipungia pia, na tukapita.